Mlango wa Uani

Paskalina, muuza nyanya wa Mlandege, anadai kwamba mlango wa uani wa jirani yake Mwanakhamisi uliondoka asubuhi, wakati mzungu Edmund bado ana kikombe cha chai mkononi. Paskalina alikuwa upande wa pili wa ua wa matete, anachagua nyanya zilizopondeka. Anasema mlango haukupiga kelele. Ulipauka, ukashika rangi ya ukuta, kisha ukawa ukuta. Mwanakhamisi alikuwa anatoka kwenye kibanda cha jiko na sinia la vitumbua. Alifika pale mlango ulipokuwa, akasimama, akalirudisha sinia jikoni.

Edmund alikuwa mchora ramani za nyumba, ametoka Mbeya kumchorea Ahmadi duka. Ahmadi ni mdogo wa marehemu mume wa Mwanakhamisi, na nyumba ilikuwa ya marehemu. Pale sebuleni Edmund alisema mambo mengi, ndivyo alivyo. Alisema redio ni bora kuliko jirani kwa sababu ina kitufe cha kuizimia. Alisema nyumba ya kisasa haina haja ya mlango wa nyuma, huo ni wa wezi na moshi.

Watu walikwisha kumzoea. Mwezi uliopita, kule Ipogolo, alilitazama basi la Bushiri akasema gari lenye pua fupi halina heshima. Kulipokucha pua imerefuka, na tangu hapo basi haliwezi kukata kona za mlimani. Bushiri sasa anafugia kuku humo. Hakuna aliyekwenda kulalamika, maana mzungu alikuwa anazungumza tu.

Sasa njia ya kuingia ndani ikabaki moja, ya barazani, na barazani na sebuleni Ahmadi alikwisha kuwaweka mafundi cherehani, wote wanaume. Jioni alifunga kufuli kwa ajili ya vyerehani. Mwanakhamisi alikuwa katika eda, haijafika nusu. Ahmadi aliwaambia wazee wa msikiti kwamba shemeji yake akipita mbele ya wanaume, eda ameivunja, na nyumba ameiacha mwenyewe. Wazee walikunywa kahawa.

Zuena, mpwa wake Mwanakhamisi, alimleta fundi Kalinga atoboe ukuta. Kila tofali alilolitoa, alipoinama kuliweka chini, jingine lilikuwa mahali pake. Kufika adhuhuri Kalinga ana rundo la matofali la kujengea kibanda, na ukuta uko vilevile, na chokaa imekauka.

"Aliyepaka hii anajua kazi," alisema, akakusanya vyombo vyake.

Matofali Ahmadi aliyachukua kwa ajili ya duka.

Ilikuwa mwezi wa sita, na Iringa mwezi wa sita maji hukaa kwenye ndoo kama yanakuchukia. Mwanakhamisi alilala jikoni. Kibanda kilikuwa kifupi, miguu ikitokeza nje, na alfajiri ilikuwa na umande. Paskalina alimpitishia blanketi juu ya matete.

"Kamwene, dada. Mimi mlango wangu nimeufunga kwa kamba. Akija kunywa chai kwangu, namkalisha uso barabarani."

"Hatakuja," alisema Mwanakhamisi. "Wewe una duka gani?"

Edmund aliporudi na ramani, Ahmadi alimweleza kuwa shemeji yake siku hizi anaishi jikoni. Edmund alichungulia juu ya ua.

"Jiko linamtosha," alisema, kisha akaendelea na habari ya madirisha ya vioo.

Kuanzia usiku ule likamtosha. Miguu haikutokeza tena. Zuena alipunguza nguo ya eda ya mama yake mdogo, akashona upindo upya, na wiki iliyofuata akapunguza tena. Mwanakhamisi alisema baridi nayo imepungua, maana sasa anaenea kati ya mafiga na ukuta.

Siku Edmund anarudi Mbeya, Zuena alimkuta barabarani, boneti ya gari iko wazi, anaisikiliza injini.

"Shikamoo, bwana. Ile nyumba ya Mlandege. Naomba useme kwamba inataka mlango wa uani."

"Unaliona hili?" alisema Edmund, akigonga bati. "Milango miwili tu. Ya nyuma ni kuharibu chuma."

"Sema tu, bwana. Hata kama huamini."

"Na hiki kioo cha kutazamia nyuma. Dereva mzuri hana kazi nacho."

Kioo kikawa hakipo. Hakuna aliyekitafuta.

"Mama yangu mdogo amekuwa hivi," alisema Zuena. Aliuweka mkono wake usawa wa kiuno, kiganja kikiwa kimesimama, kama anavyopimwa mtu.

Edmund alishusha boneti, akaifuta kwa kitambaa, akaingia. Zuena alitembea kando ya dirisha.

"Neno moja, bwana. Neno moja tu."

Gari likaondoka. Alibaki kando ya barabara, mkono bado uko pale usawa wa kiuno. Halafu akakumbuka kwamba kesho ni siku ya upindo, akaushusha mkono kidogo.