Vidonge vya Wifi

Dawa za mwanzo ziliposhindwa kumsaidia wifi yangu, yaani mke wa kaka, daktari hakugomba. Angegomba, ningepata usingizi. Alisema tu kwa upole kwamba virusi vya UKIMWI vimezizoea, hivyo anambadilishia.

Muuguzi alitoa kopo jipya kabatini, akalishikilia kidogo kabla ya kumpa wifi.

"Mama, hizi usizifanyie mchezo. Hizi nazo zikishindwa, mimi hapa sina nyingine."

Njiani nilimbana wifi mpaka akasema. Walikuwa wakigawana: leo anameza yeye, kesho anameza kaka. Kaka ni kinyozi, na kibanda chake ndicho kinachotulisha sote. Anaogopa kuonekana kliniki kuliko anavyoogopa kaburi.

Nilimkuta kibandani anasafisha mashine huku akikohoa. "Nenda ukapimwe, upewe zako," nikamwambia. "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Dada, mtu akiniona kwenye lile benchi la kliniki, nani tena atanipa kichwa chake ninyoe? Nitakwenda. Kesho."

Ilikuwa kesho ya mdaiwa. Basi nikajipa kazi mwenyewe. Kila jioni baada ya chakula nilimsimamia wifi na kikombe cha maji, ameze nikiona.

"Wifi, utaota kofia ya uuguzi," alinitania, na mimi nilicheka.

Miezi ikapita. Kaka aliacha kukohoa. Mashavu yakajaa, wateja wakamtania kwamba ndoa imemkubali. Wifi ndiye aliyekwisha. Gauni lilimteleza mabegani, na asubuhi alifagia uwanja akipumzika kila hatua chache. Muuguzi alikuwa ametuonya kwamba dawa mpya huweza kusumbua tumbo mwanzoni, lakini mwanzo gani huo usioisha? Nilianza kuogopa kuamka.

Jioni ya kuamkia siku ya kliniki, wifi alipotoka tu mezani, nilimfuata kumpa sabuni. Mlango wa chumba chao ulikuwa wazi. Alitema kidonge kiganjani, akakipangusa kwa upindo wa gauni, akampa kaka. Kaka akakimeza. Hakumuuliza yeye amemeza nini.

Nilimvuta wifi nyuma ya nyumba. Nilitaka kumpiga, Mungu anisamehe, na mkono niliomshika ulikuwa mfupa mtupu.

"Alikuwa anakohoa, wifi," alisema. "Akianguka yeye tutakula nini? Mimi bado nina nguvu. Tafadhali, usimwambie mtu."

Kesho yake kliniki, daktari aliangalia majibu ya damu kwa muda mrefu. Virusi vilikuwa vingi kuliko mara ya kwanza.

"Na hizi pia zimeshindwa?" alimuuliza muuguzi kwa sauti ya chini.

Chini ya meza wifi alinibana vidole vyangu, akinisihi. Nilimpenda kuliko ndugu yangu wa damu wakati ule.

"Hazijashindwa," nikasema. "Hazijamezwa. Anazimeza mume wake."

Wifi aliniachia mkono. Daktari akasema mume aje leo hii, apate zake, na mke aanze kumeza mwenyewe, cha kwanza mbele ya muuguzi, kabla hajachelewa zaidi. Tulirudi nyumbani wifi akiwa mbele na kopo la mwezi mkobani, hanisemeshi.

Kaka alikuwa mlangoni, amenawiri, ananukia mafuta ya kunyolea. Nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia mkewe.

"Lakini za mwezi huu wamekupa?"

Wifi akafungua mkoba.