Jedwali Lisilojua Ng'ombe

Mjinga siku ile nilikuwa mimi, tena mjinga mwenye vifaa: tepu ya kupimia mashina, simu yenye jedwali la ukuaji wa miti, na kofia ya mradi wa misitu.

Kaingu, mkulima wa nje kidogo ya Garsen, alikuwa ameniita nimtabirie miti yake ya mivinje: ekari mbili, umri miaka minne, itatoa boriti lini. Lakini haja yake hasa ilikuwa uzio. Shamba lilikuwa limeshika pande zote mbili za njia ambayo Duba na wafugaji wenzake wa Kiorma hupitishia ng'ombe kwenda kunywa mtoni, na Kaingu alitaka kuifunga. Mzee wa kijiji, Kombe, alishasema atafuata neno la mtaalamu. Mtaalamu, Mungu anisamehe, ndiye mimi.

Jedwali langu lilitengenezwa kwa ajili ya misonobari ya nyanda za juu. Sikujali. Mvinje nao una majani kama sindano, nikaona undugu umetosha.

Kanuni inataka upime huku na huku, miti ya pembeni na ya ndani. Ya ndani ilikuwa na miiba na siafu. Ya kando ya njia ilikuwa na kivuli cha kupumulia. Nikapima ishirini ya kivulini, mashina manene kama shingo ya diwani, nikabonyeza simu, nikaita watu.

"Miaka miwili mingine, shamba zima litakuwa boriti kama hizi," nikatangaza. "Sharti moja tu: ng'ombe wasikanyage hapa."

Kaingu akatabasamu kama bwana harusi. Duba akaegemea fimbo yake.

"Mwalimu, nikizunguka ni kilomita tisa mpaka maji. Ndama hafiki."

"Pole, mzee. Hesabu ndiyo iliyosema."

Hapo Mama Nyale, mkewe Kaingu, ambaye ndiye hasa mpaliliaji wa shamba lile, akatokea ndani ya miti akiburura mvinje aliokuwa ameukata, mwembamba kama fito.

"Huu ulipandwa siku moja na hiyo uliyoipima," akaniambia. "Huko ndani ng'ombe hajawahi kutia kwato. Simu yako inasemaje, mwanangu?"

Nikaitia simu mfukoni. Nikatazama chini: mavi ya ng'ombe, mapya juu ya makavu, mbolea tupu. Kila adhuhuri mifugo ya Duba hupumzika pale ikingoja zamu ya maji, na mti wa pembeni hula jua bila kuligombania na mwenzake. Nilikuwa nimepima kazi ya ng'ombe, kisha nikashauri ng'ombe afukuzwe.

Kombe akakohoa. "Sasa huo uzio?"

"Uzio upo palepale," akasema Kaingu, ambaye hakuzoea kushindwa kabla ya chakula cha mchana. "Mtaalamu aandike upya. Njia tunafunga, ila kila Jumatatu Duba alete ng'ombe kumi, awalaze huko ndani kwa muda wa saa mbili, kwa mujibu wa ripoti."

Nami, aibu haijakauka usoni, nikaanza kuandika: ng'ombe kumi, Jumatatu.

Duba aliningoja nifike kwenye nukta.

"Ng'ombe hasomi ripoti, Kaingu. Mwachie njia, mavi atayaleta mwenyewe."