Chini ya Tangi la Tawa

Musyimi alikuwa fundi wa kompyuta pale mjini Kabati, kijana wa kutegemewa kwa kila jambo isipokuwa kumwambia Mbithe kwamba anampenda. Hapo ulimi wake ulikuwa unafunga breki. Wawili hao walikuwa wanatengeneza programu ya kikundi cha maji cha Tawa, kwao Mbithe. Unaandika amri moja kwenye terminal, ile skrini ya maandishi matupu, na tangi la kijiji linachorwa kwa herufi, maji yakiwa ya buluu hadi pale yalipofika. Waliongea kwa simu kutwa, na kutwa Musyimi aliongea habari ya tangi.

Basi akajitafutia ujanja. Chini ya tangi aliandika mstari mmoja: "Mbithe, nakupenda. Nataka tuoane." Akaupaka rangi nyeusi. Skrini yake ni nyeusi, kwa hivyo mstari ulikuwepo na haukuonekana. Siku atakayopata ujasiri angemwambia Mbithe apitishe mausi pale chini akiwa ameibonyeza, maneno yatokee. Jumatatu akamtumia programu, na kwa furaha akaagiza chapati ya pili.

Alhamisi asubuhi rafiki yake Tariq, anayeuza simu duka la jirani, akaifungua programu hiyo kwenye laptop yake mwenyewe aone hiyo kazi inayosifiwa. Akasoma hadi chini. Kisha akaita kwa upole, "Musyimi, harusi ni lini?"

Musyimi akaenda kutazama. Skrini ya Tariq ilikuwa nyeupe pepepe, na chini ya tangi maneno yake yamekaa meusi tititi, yanasomeka hadi barabarani.

"Kwa nini yako ni nyeupe?"

"Ilikuja hivyo. Si kila terminal ina rangi zake? Wewe ndiye fundi, bwana. Kwani ya Mbithe ni rangi gani?"

Miezi yote hiyo Musyimi hakuwahi kuuliza. Alijua Mbithe anapenda chai ya tangawizi, alijua hata jina la mbuzi wa mama yake, lakini rangi ya skrini yake, wapi. Akampigia simu huku Tariq akicheka hadi akakaa chini.

Mbithe akapokea. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu.

"Mbithe, tafadhali, usifungue programu."

"Tuko kwa mkutano wa maji," akasema Mbithe. "Nimeshaifungua, iko kwa ukuta na projekta. Ngoja, mwenyekiti anataka kukusalimia. Nimekuweka kwa spika."

Musyimi aliomba mtandao ukatike. Siku zote hukatika, lakini siku hiyo ulikuwa safi kabisa.

"Kijana wetu, hujambo?" Alikuwa Mama Nduku, mwenyekiti. "Tumeona maji yamefika nusu. Hapo hatuna swali. Swali letu liko chini ya tangi. Hayo ni makosa ya mashine, ama ni wewe?"

Mlango wa kutorokea ulikuwa huo, na fundi gani hajawahi kuisingizia mashine? Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini akamfikiria Mbithe akisikia jibu hilo mbele ya watu wa kwao, akaona heri aibu imle yeye.

"Ni mimi, Mama. Nampenda Mbithe. Nataka kumuoa, akinikubali."

Spika ikajaa vigelegele. Mzee mmoja alikuwa tayari anauliza kwa Kikamba mbuzi wa mahari wataletwa lini. Tariq naye akapiga vigelegele vyake pale dukani, wateja wakageuka. Musyimi akashika kaunta kwa mikono yote miwili.

"Mbithe? Nisamehe. Skrini yangu ni nyeusi, sikujua yako..."

"Yangu ni nyeupe," akasema Mbithe, sauti ikitetemeka kwa kicheko. "Niliyasoma Jumatatu, na nikakubali Jumatatu. Nikakupigia kukuuliza kama kuna kitu unataka kuniambia, ukanieleza habari ya koki. Jumanne nikauliza tena, ukanieleza habari ya paipu. Nikaona nitazeeka nikikungoja. Ndio nikaenda kanisani kuazima projekta."