Miezi Sita Mfululizo

Hakimu alimwuliza marehemu mke wangu kwa nini anataka talaka, naye akajibu, "Ananuna."

Ukumbi mzima ukacheka, isipokuwa hakimu. Waliopewa kiti kirefu husahau namna ya kucheka.

"Anakupiga?"

"Huyu? Hata nzi humfukuza kwa kumsihi."

"Ana mwanamke mwingine?"

"Nani atamvumilia?"

"Amekutelekeza?"

"Afadhali angenitelekeza, mheshimiwa! Yupo tu. Akinuna, ananuna siku tisa, mimi nazungumza na cherehani."

Jalada likafungwa. Kununa si sababu kisheria, tukaambiwa. Tuishi kwanza mbalimbali miezi sita mfululizo, ndipo turudi. Karani, tuliyembandika jina la Rudi Kesho, akatufafanulia: usiku mmoja chini ya paa moja, hesabu inaanza upya.

Mimi shule niliishia darasa la tatu, nikaingia kwenye ufundi viatu. Lakini hata mimi najua kiatu hakipimwi kwa kalenda, hupimwa kwa mguu. Hao wanaotunga sheria sijui hupima nini.

Mke wangu akahamia kwa dada yake, mtaa wa pili. Mwezi wa pili alikuja kuchukua mkasi wake wa kushonea, mvua ikamkamata kwangu mpaka asubuhi. Wengine wangenyamaza. Sisi, wajinga wa kusema kweli, tukaongozana hadi dirishani kwa karani kuungama.

"Mmelala nyumba moja?"

"Yeye kitandani, mimi kwenye kiti," nikasema.

"Alikoroma," mke wangu akaongeza, "kwa hiyo alikuwepo."

Rudi Kesho akafuta tarehe, akaandika nyingine.

Hesabu ile mpya ilipofika mwezi wa nne, nikashikwa na homa. Akaja kunipikia uji, akakesha nami. Tukaenda tena kuungama.

"Nyinyi mnataka talaka," karani akauliza, "au mnataka kunimalizia wino?"

"Talaka," mke wangu akajibu, huku akinifunga kifungo cha shati.

Tulicheka njia nzima. Kwenye kona tukaachana, huyu kulia, huyu kushoto, kwa amri ya serikali. Nikaingia chumbani, nikagundua kwamba hata kununa kunataka mwenzio. Peke yako ni kukaa kimya tu. Ningemwambia arudi. Lakini alikwisha kusimama mbele za watu akaomba jambo, nikaona heshima ni kumwacha alipate. Naye, nadhani, aliona haya kuliacha.

Zilipobaki siku tano hesabu ya tatu itimie, moyo wake ukamlaza hospitali. Nikamwendea Rudi Kesho mbio: je, nikikesha naye wodini, nako kunahesabiwa?

"Paa ni paa, mzee."

Hata kichwa hakuinua. Mwaka mzima wa uhai wa mke wangu umo ndani ya jalada lile, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kuniambia pole.

Jioni kengele ya kuwatoa wageni ikalia. Mke wangu akaning'ang'ania kidole gumba, kisha akakiachia.

"Nenda, fundi. Zimebaki tano tu, usiniharibie."

Nikahisi ule mdomo wangu wa siku tisa unajifunga wenyewe, kama ulivyozoea. Nikaulazimisha.

"Sizitaki hizo tano," nikasema. "Hata ile ya kwanza sikuitaka. Siku ile ya hakimu nilikuwa na la kusema, nikanuna badala ya kulisema."

"Lipi?"

"Kwamba usiende."

Alinitazama kama mtu anayekagua mshono asioamini kwamba ni wangu.

Nesi akafika na daftari lake. "Mzee, muda umekwisha. Wewe ni nani wake?"

Swali lile halikuwa langu kulijibu. Jibu lake lilikuwa limefungiwa kabatini kwa karani. Nikamgeukia mke wangu.

"Mume wangu," akasema. Kisha, polepole kwa sababu ya mirija, akasogea upande wa ukutani, pakabaki nafasi ya mtu mmoja.