Sekunde Arobaini na Tisa

Saa ya kupimia ilikuwa mkononi mwangu, kwa hiyo lawama nayo ni yangu. Mimi ni Sajenti Phelista, na kazi yangu jeshini ni kupima magari ya deraya kabla hayajapelekwa mpakani: kasi, breki, na muda ambao askari wanane wanachukua kutoka gari likishambuliwa. Wanatoka mara kumi, tunatafuta wastani. Ukizidi sekunde kumi na tano, gari linabaki kambini.

Safari hii dereva alikuwa Khisa, kitindamimba wetu. Yeye na kikosi chake wangeondoka Jumatatu.

Tulipimia kwenye uwanja mkavu nje ya Kitale. Mara tisa walitoka kwa sekunde kumi na moja, na mara zote tisa walikuwa wamevua fulana za kukinga risasi na kuacha mabegi chini. Ndiyo mazoea yetu. Kila kikosi kinataka kukishinda kingine, basi watu wanachomoka wepesi kama wanaokwenda kuoga. Nilikereka. Ni vita gani hivyo vya watu waliovaa shati tu?

Nikamwambia Kapteni Kiplangat, mkuu wa zoezi, "Afande, ya kumi tufanye na vifaa vyote, na gari liingie mtaroni."

"Fomu haisemi mtaro, Sajenti."

"Haikatazi pia."

Alikuwa na njaa, chakula cha mchana kilikuwa kimeshafika. "Haya, fanya haraka, bana."

Gari liliinama ubavu mtaroni. Nikabonyeza saa. Mlango wa nyuma uligota kwenye udongo ukafunguka nusu, mabegi yakanasa, akatoka mmoja, tukangoja, akatoka mwingine. Khisa alikuwa wa mwisho, akihema. Sekunde arobaini na tisa. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nikijua gari limefeli.

Kapteni alijumlisha kwenye simu yake. "Kumi na nne nukta nane. Imepita."

"Afande, hiyo arobaini na tisa ndiyo ya kweli! Zile tisa ni mchezo!"

"Si iko ndani ya hesabu? Ama unataka nifute zingine? Weka sahihi."

Niliweka. Kwa hasira, lakini niliweka.

Jumamosi tulikuwa nyumbani Tongaren, upande wa Bungoma, kumwombea Khisa. Mama alisimama na birika la chai mbele ya majirani. "Mimi sina wasiwasi," akasema. "Hiyo gari imepimwa na dada yake mwenyewe."

Wakapiga makofi, wote wakinitazama mimi.

Nilimvuta Khisa nyuma ya jikoni. "Mkipigwa, usingoje wenzako. Wewe toka wa kwanza. Unasikia?"

"Sista," akasema taratibu, "mlango ni mmoja, uko nyuma. Na kiti yangu iko mbele kabisa."