Aliyoyasema Marhoon

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya majabali ya Maskati, Kheiria alikaa jamvini na mama yake, Bi Muhsina, wakachagua mchele. Hawakuzungumza sana. Mama alikuwa na mazoea ya kunung'unika juu ya mawe, na Kheiria alikuwa na mazoea ya kumwachia. Siku hiyo walikuwa wamefika nusu ya sinia pale Aflah, mtoto wa mama yake mkubwa, alipoingia huku anahema, viatu mkononi.

"Hodi ya siku hizi iko miguuni?" Bi Muhsina aliuliza.

"Nisamehe, mama mdogo. Marhoon kaachishwa kazi."

Kidole cha Kheiria kilisita juu ya mchele.

"Yule mama wa Kizungu kaandika barua," Aflah aliendelea. "Anasema nahodha gani huyu, kawapeleka kisiwani saa mbaya wala hakufungua kinywa kuwaonya. Bwana Ishaq, mkubwa wetu wa ofisi, kampokonya mashua tangu jana."

"Masikini! Na wale wajukuu anaowalea?" Bi Muhsina aligeuka. "Na wewe Kheiria, mbona rangi imekutoka?"

Kheiria alisema ni joto. Ilikuwa Agosti ya mwaka 1970, na joto lilikuwa jibu la kila swali.

Kazi ya ukalimani aliipata mwanzoni mwa mwezi ule, katika ofisi iliyowashughulikia wageni. Alikuwa amesomea ualimu chuoni Cairo, lakini shule ya kumwajiri ilikuwa bado haijapatikana. Tangu yeye na mama yake walipotoka Unguja na masanduku mawili, ile ndiyo ilikuwa riziki ya kwanza kuingia nyumbani bila ya kuombwa kwa jamaa.

Siku tatu nyuma walikuwa wamemchukua Bibi Astrid, mtaalamu wa ndege wa baharini kutoka kaskazini ya mbali, kumtembeza pwani kwa mashua ndogo ya mashine. Aflah, karani wa ofisi hiyohiyo, alikwenda kwa ajili ya kumsindikiza Kheiria, lakini wimbi la kwanza lilimlaza na shuka usoni. Marhoon alishika usukani. Alikuwa ameuza papa mkavu Darajani, Unguja, kwa miaka ishirini, na Kiswahili chake kilikuwa bado na chumvi ya soko. Alisema na Kheiria kwa Kiswahili, naye Kheiria akamfikishia mgeni kwa Kiingereza.

Njiani Bibi Astrid alisimulia habari za kwao. Huko, alisema, mashua kama ile hupeleka watu kando ya pwani mpaka chini ya milima ya barafu. Barafu huteremka bondeni kama mto uliosahau kukimbia, na inapofika baharini hukatika mapande makubwa kama nyumba, yakaelea. Juu yake hulala sili, wanyama wa baharini wenye macho ya huzuni, na watoto wao.

"Barafu kama nyumba?" Marhoon alicheka. "Mwambie safari ijayo atuletee chumba kimoja tu, tutie mtungini."

Kheiria alitafsiri, na Bibi Astrid akacheka mpaka akashika ukingo wa mashua. Kheiria alijiona mtu wa maana. Watu wawili wasiojuana walikuwa wakipendana kupitia kinywa chake.

Walikuwa wamechelewa kung'oa nanga, kwa hiyo walifika kisiwani karibu na adhuhuri. Shakwe walikuwa wamejaa juu ya mawe, kila mmoja katandaza mbawa juu ya yai au kinda lake, si kulipasha moto bali kulikinga na jua. Marhoon alizima mashine.

"Bibie, mwambie asishuke. Kwa jua hili, ndege akiinuka tu, yai linapikika na kinda anakufa. Tungoje alasiri. Na kama hawezi kungoja, mwambie yeye na hiyo kamera yake warudi kwao wakapige picha barafu. Ile haina roho ya kuitoa."

"Anasema nini?" Bibi Astrid aliuliza. Alikuwa keshakunja suruali, mguu mmoja ukingoni, uso wake kama wa mtoto siku ya Idi.

Maneno yalimfika Kheiria kooni. Nyumbani kwao mgeni hakatazwi jambo mlangoni, hutafutiwa namna. Basi akatafuta namna. Alipunguza ukali, akapunguza karaha, akapunguza katazo, mpaka hakikubaki kitu.

"Anasema jua ni kali."

"Jua si neno," Bibi Astrid alijibu, akavaa kofia na kuruka.

Marhoon alimtazama Kheiria, kisha akatazama bahari. Alidhani mgeni amesikia na amekataa.

Ndege waliinuka wote kwa mara moja, na kelele zao hazikukatika kwa saa nzima. Bibi Astrid aliporudi alikuwa amebeba kinda kiganjani, mdomo wazi, shingo imelegea. Alikuwa akilia.

"Kwetu," alisema, "nahodha akitamka neno moja tu, sote tunageuka. Huyu hakutamka hata hilo moja."

Kheiria alisikia. Hilo nalo hakulitafsiri.

Sasa aliliacha sinia, akajitanda buibui, akamwomba Aflah ampeleke mji jirani wa Matrah. Walimkuta Marhoon kibarazani kwake, anakoroga kahawa isiyohitaji kukorogwa.

"Umekuja kunipa pole? Nshapewa pole mpaka imenikinai."

"Mzee Marhoon, yule mama hakuyakataa maneno yako. Hayakumfika."

Marhoon aliweka kijiko chini, taratibu.

"Nlisema maneno tele, wewe ukatoa matatu. Nikajiambia, Kiingereza lugha fupi." Hakucheka. "Na sasa waniambia mimi? Mimi nnayajua niliyoyasema. Nenda kwa asiyeyajua."

Njiani kuelekea nyumba ya wageni Aflah alimshika mkono. "Ukisema, kazi yako basi. Mama mdogo utamlisha nini, adabu?"

Kheiria aliutoa mkono wake, akaongeza mwendo.

Bibi Astrid aliwapokea barazani. Kheiria alieleza akitazama vidole vyake.

"Ungeniambia, ningegeuka palepale," Bibi Astrid alisema.

"Najua."

Ndilo lililokuwa likimkera usiku na mchana. Kumbe siku ile mashuani hakukuwa na hasira ya kuogopa.

Bibi Astrid alivuta karatasi. "Nitamwandikia Bwana Ishaq kwamba nilikosea mimi, na Marhoon arudishiwe mashua yake. Wewe huna haja ya kutajwa. Una mama wa kumtunza."

Aflah alishusha pumzi. Kalamu ilianza kwenda. Kheiria aliitazama na kuona jinsi jambo linavyoweza kufunikwa kwa upole, vizuri, pasi na mtu kuumia. Na jinsi Marhoon atakavyorudi baharini akiwa mtu aliyenyamaza, kisha akasamehewa.

"La, bibi." Kheiria aliweka kidole juu ya karatasi. "Andika kwamba Marhoon alikukataza. Andika kwamba mimi, Kheiria binti Thabit, nilimsikia, nikamfahamu, na nikamnyamazisha."