Siku Mbaya Usiisindikize Mpaka Stendi

Jumatatu ya pili ya mwezi wa saba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Germana alikuwa amechuchumaa uani kwake Mjimwema, Njombe, akipuliza mkaa uliolowa. Ukungu ulikuwa umefika usawa wa dirisha. Maziwa yalikuwa yameshamwagika, panya alikuwa ametafuna mkono wa sweta la shule lililotakiwa kuchukuliwa asubuhi hiyohiyo, na kidole gumba cha mguu alikuwa amejikwaa nacho kizingitini mara mbili, kidole kilekile. Kwa hiyo siku mbaya ilipopiga hodi hakushtuka. Alikuwa ameshaanza kuisubiri.

"Karibu," alisema bila kugeuka. "Mabuti uvue hapo mlangoni."

Ilivua. Ilikuwa na kimo cha mtu wa kawaida, imevaa koti la mvua la kiume lenye mfuko uliochanika, na uso wake ulikuwa kama wa mtu uliyewahi kupanga naye foleni hospitali halafu ukamsahau. Haikusalimia. Siku mbaya hazisalimii, ndiyo maana inabidi usalimie wewe.

"Kamwene," alisema Germana, akaipa kigoda.

Kigoda hicho hukiweki karibu na moto. Ikipata joto inasinzia, na siku mbaya iliyosinzia nyumbani kwa mtu haitoki mpaka Jumatano. Unaiweka karibu na mlango, unaipa chai ya tangawizi na viazi vya kuchemsha viwili, na huifokei hata ikimwaga. Ikishakula unaipa kazi. Germana alikuwa anafuma sweta za shule kwa mashine, kwa hiyo kazi haikukosekana: aliinyoosha mikono mbele, akaivisha uzi wa rangi ya damu ya mzee, akaanza kuzungusha donge. Siku mbaya iliyoshikishwa uzi haina mkono wa kuvunjia sahani. Ilipofika saa tatu mabega yake yalikuwa yameshuka na koti limekauka. Germana akachukua sindano, akaushona ule mfuko kwa uzi uleule, kwa kupitisha mara mbili kama anavyoshona siku zote, maana hata mgeni wa namna hiyo hatoki kwa mtu na mfuko unaning'inia.

Kisha akasema, "Haya, twende nikusindikize."

Na hapo ndipo watu wa Mjimwema walipokosea, wote, pamoja na wanaosali sana. Kule mgeni hafukuzwi, anasindikizwa. Mgeni mwema unafika naye kwenye kona, mnasimama, mnaanza mazungumzo mapya kama vile ndiyo kwanza amefika. Siku mbaya walikuwa wanaisindikiza mpaka stendi, na hawakuondoka mpaka waone kosta imetoka. Ilikuwa heshima, na pia ilikuwa kuhakikisha.

Njiani Germana alikutana na katekista Hilario, jirani yake, amebeba mfuko wa siku yake. Ilikuwa nyembamba na inakohoa.

"Yako leo ina mwili," alisema katekista.

"Imekula viazi vyangu, itakosaje?"

"Yangu imegoma kula. Nimeisomea zaburi ikasinzia."

"Uliiweka karibu na moto, baba katekista."

"Kwa baridi hii, mama Devotha? Mimi ndiye niliyekuwa karibu na moto. Yenyewe ilinifuata."

Stendi, konda aliyeitwa Dulla alizipanga siti ya nyuma pamoja na nyingine tatu zilizokwisha kufika. Hakuzitoza nauli. Abiria asiyesema anashukia wapi huwezi kumpigia hesabu. Kosta ikatoka kwenda Makambako. Germana akarudi kwa miguu, na kabla hajafika kwake ukungu ukapasuka, jua likaingia mpaka kwenye mashine yake. Mwenye sweta akaja akasema si lazima leo, mtoto mwenyewe ana mafua, kesho inatosha. Mkaa ukashika. Hivi ndivyo siku inavyogeuka, na mtu yeyote anaweza, hata asiyesoma.

Zilikokwenda hakuna aliyeuliza. Makambako ni njia panda: huku Mbeya, huku Iringa na Dar es Salaam, na reli juu yake. Watu walidhani kitu kikishafika njia panda kinajua chenyewe pa kuelekea.

Jioni Germana alimpigia simu Devotha, mwanawe wa pekee. Devotha alikuwa na miaka ishirini na sita, na huu ulikuwa mwaka wa tano anauza chai, chapati na wali maharage stendi ya Makambako. Alikuwa anafungua saa kumi alfajiri kwa ajili ya madereva wa malori.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Siku imekwendaje?"

"Salama tu, mama."

Germana akaweka simu chini, ameridhika. Mtoto akisema salama mama analala, na wala hajiulizi salama hiyo inatamkwa kutoka wapi.

Alhamisi alipigiwa simu na Tausi, mama wa vitenge, jirani wa Devotha kule Makambako. Tausi hakuwa na kawaida ya kupiga.

"Mama, njoo umwone mwanao."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Ila njoo."

Germana alifunika mashine, akapanda kosta ya saa nne. Siti ya nyuma ilikuwa imejaa siku mbaya, sita, kila moja imetulia na imeshiba, kama abiria waliolelewa vizuri. Moja ilikuwa imeshikilia viazi kwenye mfuko wa nailoni. Germana aliwaza kwamba huyo katoka kwa mtu mkarimu.

Makambako upepo ulikuwa unapiga mabati. Tausi alimpokea, akamshika mkono, akamvusha barabara. Hakusema mengi. Alisema tu, "Usimgombeze, mama, ameshachoka."

Kibanda cha Devotha kilikuwa nyuma ya maghala ya mahindi. Mbele yake palikuwa na benchi mbili za wateja, na benchi zote zilikuwa zimejaa, lakini hapakuwa na mteja. Zilikuwa siku mbaya. Nyingine ziliketi juu ya ndoo zilizogeuzwa, nyingine zimeegemea ukuta, mbili ziko ndani kwenye kitanda. Zile sita za kosta zilishuka, zikasimama kidogo, zikavuka barabara zenyewe, zikaja zikajipanga nyuma. Dereva mmoja wa lori alichungulia, akaona hakuna pa kukaa, akaenda kwa jirani.

Devotha alikuwa anakwangua sufuria. Maharage yalikuwa yameungua. Mkono wa kushoto ulikuwa na kitambaa, ameungua na yeye. Shingo yake ilikuwa nyembamba kuliko shingo aliyoondoka nayo Njombe, na nywele za mbele zilikuwa zimeanza kuota mvi.

"Shikamoo mama. Kaa. Wewe, mpishe mama," aliiambia siku moja, ikasogea.

"Devotha, hawa ni nani?"

"Si wa kwenu hawa?"

"Wa kwetu?"

"Huyo uliyekaa naye kaja Jumatatu. Angalia mfuko."

Germana aliangalia. Uzi wa damu ya mzee, umepitishwa mara mbili. Hakuwa na haja ya kuuliza zaidi, maana fundi haikatai kazi yake. Pembeni yake ile nyembamba ya katekista ilikuwa inakohoa.

"Mbona haziendi mbele? Kuna mabasi ya Dar hapo, ya Mbeya."

"Yale makubwa hayapandishi mtu asiyesema anakwenda wapi. Wanashushwa hapa, wanakaa stendi na baridi. Saa kumi alfajiri wanaona moto mmoja tu umewaka. Nani anawasha moto saa kumi, mama?"

Germana aligeukia jiko la mwanawe.

"Sasa kila siku yangu ina siku za watu ndani yake," alisema Devotha. Hakulalamika, alikuwa anaeleza tu jinsi kazi ilivyo. "Ya kwangu mwenyewe sijaiona tangu mwaka juzi. Nadhani ilikosa nafasi."

"Kwa nini hukuniambia? Kila jioni salama, salama!"

"Ungenifundisha tu kuwasindikiza."

"Ndiyo! Si unawasindikiza!"

"Niwasindikize wapi, mama? Huku ndiko mnakowasindikiza."

Tausi alikohoa, akajifanya anakunja kitenge. Alisema kwamba walijaribu. Walizipeleka tatu kwenye kosta ya kurudi Njombe, Dulla akazikataa mlangoni. Alisema kutoka Njombe zinakuja, lakini kwenda Njombe hazipandi, kule hazina mwenyeji.

Wakati huo kutoka nyuma ya kibanda ikaja siku nyingine imebeba beseni la vyombo vilivyooshwa. Hii ilikuwa ya zamani. Haikuwa na viatu, na kichwani ilikuwa na unga wa mbao, mweupe, kama mtu aliyetoka kupasua magogo dakika hiyo. Iliweka beseni, ikapanga vikombe kimoja kimoja, midomo chini.

Germana alisimama.

"Huyu je?"

"Huyu ndiye aliyekuwepo baba anakufa," alisema Devotha.

Alois, mume wa Germana, aliangukiwa na gogo msituni miaka mitatu iliyopita, mwezi wa tatu. Siku ile ilifika na maiti, ikakaa msiba mzima kwenye kona ya sebule bila kula. Devotha aliondoka siku ya tatu kuwahi biashara. Siku ya nne wageni wa mwisho walipokuwa wanaaga, Germana akaona na ile nayo iage. Aliisindikiza haraka, gizagiza la asubuhi, hata chai hakuipa. Aliporudi jua lilitoka, na majirani wakamsifu kwamba mama Devotha ni jasiri, amesimama mapema.

"Ilifika hapa na baridi," alisema Devotha. "Ningemfukuza? Alikuwa na baba mpaka mwisho. Mara nyingine ananisimulia."

"Anasema nini?"

"Kwamba baba aliuliza kama umekula."

Upepo ulipiga mabati. Tausi aliacha kukunja kitenge. Germana aliketi tena, muda mrefu, na ile siku ikaketi karibu naye kwenye ncha ya benchi, ikajipangusa mikono kwa koti.

Alitaka kuondoka nazo zote. Devotha akamwambia asijisumbue, za katekista azipokee katekista. Basi akataka angalau zile saba zilizotoka kwake mwenyewe. Dulla, kosta ilipokuwa inapakia, alikunja uso.

"Mama, mimi nitapakia abiria au nitapakia huzuni? Mmoja. Na awe na mwenyeji."

"Anaye."

"Nani?"

"Mimi."

Dulla akaangalia ile siku ya Alois miguuni, akaona haina viatu, akasogeza mfuko wa mkaa ili ipite. Devotha aliisindikiza mpaka mlangoni. Aliipa vikombe viwili vya plastiki, akasema ikizoea kukaa bure itaumwa, mama aipe vyombo ioshe. Kisha alikimbia kibandani, kwa sababu wali ulikuwa unaungua.

Jumapili, kwenye sala ya jumuiya, Germana alisimama akaeleza yote. Alitaja benchi, akataja sufuria, akataja mvi za mtoto wa miaka ishirini na sita. Alisema anayempenda mtoto wa mwenzake aache kufika stendi. Watu walimsikiliza kwa adabu. Jirani yake Asteria alilia kabisa. Katekista Hilario akaomba wote wasimame, wakamwombea Devotha apate nguvu ya kuzibeba.

Jumanne siku mbaya mpya ilipiga hodi kwa Germana saa kumi na mbili na nusu. Umeme ulikuwa umekatika na sindano ya mashine imevunjika. Aliikaribisha, akaipa chai, viazi viwili, uzi. Ile ya Alois ilikuwa uani inaosha vyombo. Ilipofika saa nne ile mpya ilianza kuangalia barabara, maana na zenyewe zimeshajua utaratibu, ikanyoosha mkono kuchukua mabuti.

"Kaa," alisema Germana.

Ikakaa. Jua halikutoka. Mkaa ulishika nusu. Germana alivaa sweta mbili akaendelea kufuma kwa mkono, na kazi ilikwenda, polepole, kama kazi inavyokwenda.

Dirishani akapita Asteria amevaa kitenge kipya, ameshika mfuko wa siku yake, nzito, yenye miguu iliyovimba. Alimpungia.

"Kamwene, mama Devotha! Wako hujamtoa mpaka saa hizi? Kosta inaondoka!"

"Wangu haondoki."

"Shauri yako," alisema Asteria kwa upendo. "Nimsalimie Devotha?"

"Huwezi kumsalimia. Wewe unaishia stendi."

Asteria alicheka, akadhani ni utani, akaongeza mwendo. Baada ya nusu saa jua lilitoka kwenye bati la Asteria, upana wa bati lake tu, likakaa hapo mpaka jioni.

Saa moja kasoro Germana alipiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Siku imekwendaje? Na usiniambie salama."

Kabla Devotha hajajibu, mama yake alisikia upepo wa Makambako, na kosta ikizima injini, halafu mguu wa benchi ukiburutwa chini, taratibu, mtu akisogea kumpisha mwingine akae.